Yoshua wa Kingston: Je, Michael Manley aliazima Ujamaa wetu?

Msomaji wa Tanga ameandika: "Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu, aliyekuwa karani wa ushirika, alizoea kusema kwamba Jamaika nayo ilikuwa na Nyerere wake, jina lake Manley, ila 'wakubwa walimpiga chini'. Nimejaribu kusoma habari zake nikachanganyikiwa. Ni kweli aliuchukua Ujamaa wetu? Na imekuwaje mtu aliyeshinda kwa kishindo mwaka 1976 akaangushwa vibaya mwaka 1980, kisha akarudishwa tena 1989?"

Marahaba. Babu yako hakuwa mbali na ukweli, na kwa karani wa ushirika wa enzi zile ilikuwa kawaida kulijua jina la Manley, maana redio ilikuwa ikimtaja. Ila hili la "Nyerere wa Jamaika" linafaa kumkaribisha mgeni sebuleni tu. Halitoshi kumwelewa. Muweke Nyerere pembeni kidogo, tutamrudia. Mtazame kwanza Manley kama alivyokuwa kwa karibu miaka 20 kabla hajawa waziri mkuu: mtu wa chama cha wafanyakazi, aliyezoea kukaa mezani na tajiri na kubishana naye mpaka usiku wa manane kuhusu nyongeza ya mshahara. Mimi naona ushindi wake na maangamizi yake yote mawili yalitoka kwenye meza ile.

Alizaliwa tarehe 10 Desemba 1924, na hakuzaliwa kwenye kibanda. Baba yake, Norman Manley, alikuwa wakili mashuhuri na ndiye aliyeongoza kuundwa kwa chama cha PNP mwaka 1938, mwaka wa migomo na ghasia za wafanyakazi wa miwa. Mama yake, Edna, alikuwa mchongaji wa sanamu mzaliwa wa Uingereza. Binamu yake Norman, Alexander Bustamante, aliunda chama kikubwa cha wafanyakazi mwaka huohuo wa 1938, kisha mwaka 1943 akaanzisha chama cha siasa cha JLP. Kwa hiyo vyama viwili vilivyogawana Jamaika hadi leo ni vya binamu na binamu. (Usidanganywe na neno "Labour" kwenye jina la JLP, hicho ndicho chama cha mrengo wa kulia.)

Kijana Michael alitumikia jeshi la anga la Kanada wakati wa Vita vya Pili, kisha akasoma London, kwenye chuo kile cha uchumi na siasa alikofundisha Harold Laski. Hapo ndipo ilipo mizizi ya ujamaa wake: ujamaa wa Waingereza wa chama cha Labour, unaoamini bunge, kura, na kodi inayomtoza mwenye nacho zaidi. Alirudi nyumbani mwaka 1951, akaandika magazetini kidogo, kisha akaingia chama cha wafanyakazi cha NWU na kupelekwa kwenye mashamba ya miwa, baadaye kwenye migodi ya boksiti.

Kazi hiyo ina kanuni moja, na kila aliyewahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani anaijua. Kabla hujatamka neno, ujue tajiri atapoteza kiasi gani kwa kila siku ambayo mashine zimelala. Nguvu yako iko hapo, haiko kwenye hotuba. Tajiri anakuhitaji, nawe unamhitaji, basi mwisho wa siku mtakutana katikati.

Mwaka 1964 shirika la utangazaji la nchi lilifukuza watangazaji wawili wa habari, na Manley akaongoza mgomo uliodumu siku 97. Akasimama mbele ya jengo la shirika akalifananisha na kuta za Yeriko. Kuta zenyewe hazikuanguka, mgomo haukuleta alichokitaka, lakini watu waliondoka na jina: Yoshua. Nchi inayoijua Biblia kwa kichwa kama Jamaika haikuhitaji kuelezwa zaidi. Musa alikuwa baba yake, aliyewafikisha watu ukingoni mwa uhuru lakini akashindwa uchaguzi wa 1962, miezi michache kabla bendera haijapandishwa. Yoshua ndiye wa kuvuka mto. Michael aliingia bungeni mwaka 1967 kupitia jimbo la Kingston ya Kati, Februari 1969 akachukua uongozi wa PNP kutoka kwa baba yake, na Septemba mwaka huohuo mzee akafariki.

Hapa inaingia fimbo. Manley alikwenda Ethiopia, na Mfalme Haile Selassie akampa fimbo. Kwa Marastafari wa Jamaika, Selassie hakuwa mfalme wa kawaida, walimwona kuwa masihi wao. Alipotua Kingston tarehe 21 Aprili 1966, maelfu walifurika uwanja wa ndege mpaka utaratibu ukavunjika. Sasa fikiria mwanasiasa anapanda jukwaani kijijini, ananyanyua fimbo iliyotoka mkononi mwa mtu huyo, na kuiita fimbo ya kurekebisha mambo. Watu walisukumana kuigusa. Ilikuwa kampeni kwelikweli hadi upande wa pili ukadai kwamba fimbo yenyewe wameshainasa wao. Sisi tuliokua tukimwona Baba wa Taifa na kifimbo chake hatuwezi kulicheka jambo hili. Tunajua kipande cha mti kinavyoweza kusema mbele ya umati. Tarehe 29 Februari 1972 PNP ilipata viti 37 kati ya 53.

Miaka minne iliyofuata ndiyo inayofanya wazee wengi wa Jamaika mpaka leo wakimtaja sauti inalainika. Elimu ya sekondari bila ada kuanzia 1973. Kampeni ya kufuta ujinga kwa watu wazima. Umri wa kupiga kura kushushwa hadi miaka 18. Kima cha chini cha mshahara mwaka 1975, ambacho kiliwagusa hata wasaidizi wa kazi za nyumbani. Mfuko wa nyumba mwaka 1976. Ardhi iliyolala ikakodishwa kwa wakulima wadogo. Hata mavazi: suti ya tai ya Kiingereza ikawekwa kando bungeni, ikaingia suti ya mikono mifupi isiyo na tai, iliyoitwa kariba. Ukiiona pichani utasema hiyo si ndiyo kaunda suti yetu? Ni ndugu zake kabisa.

Kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja tu katika kazi yake yote, ningechagua sheria ya 1976 kuhusu hadhi ya mtoto. Katika Jamaika ya wakati ule watoto wengi zaidi walizaliwa nje ya ndoa kuliko ndani, na sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iliwaita kwa jina ambalo kwa Kiswahili tunalijua vizuri mno: wana haramu. Halikuwa tusi la mtaani tu. Mtoto wa namna hiyo baba akifa hana lake katika mirathi. Sheria ya Manley ilisema mtoto ni mtoto. Ilifuta neno lile kwenye vitabu vya sheria kwa siku moja, na mamilioni ya dola za misaada zisingeweza kununua kitu kama hicho. Wala hakuhitaji fedha za kigeni kukifanya. Kumbuka hilo, maana yale mengine yote yalizihitaji.

Fedha zingetoka wapi? Jamaika ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa boksiti duniani, ule udongo mwekundu unaotengenezewa alumini. Makampuni yaliyouchimba yalikuwa ya Marekani na Kanada: Alcoa, Kaiser, Reynolds, Alcan. Kodi iliyokuwa ikibaki nchini ilikuwa kiduchu. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ya petroli ikaruka duniani, na kisiwa ambacho hakina hata tone la mafuta kikaona bili yake ikizidi mara mbili kwa mwaka mmoja. Manley akawaita wenye makampuni mezani. Majadiliano yakakwama, na katikati ya 1974 serikali ikatunga sheria yake: kila tani ya boksiti italipiwa kodi inayofuata bei ya alumini sokoni, kwa kiwango cha kuanzia asilimia 7.5. Mapato ya boksiti yakapanda kutoka takriban dola milioni 25 za Kimarekani kwa mwaka hadi zaidi ya milioni 150.

Huyu ni mtu wa NWU yuleyule. Tajiri anahitaji udongo, viwanda vyake vimejengwa kuusubiri, atalipa. Na walilipa. Ila tajiri wa mataifa ana kitu ambacho tajiri wa shamba la miwa hana: ana shamba lingine. Walikwenda mahakama za usuluhishi, huku taratibu wakihamishia uchimbaji Australia, Guinea na Brazil. Jamaika ilichimba tani milioni 15 mwaka 1974. Miaka miwili baadaye zilibaki kama milioni 10. Makampuni hayakugoma, yalihama polepole kama maji yanayotoka kwenye mtungi wenye ufa.

Sasa tumrudie Mwalimu Nyerere. Septemba 1974 alizuru Jamaika kiserikali, na miezi hiyohiyo ndipo PNP ilipotangaza rasmi kwamba inafuata "ujamaa wa kidemokrasia". Hapo ndipo wengi walipounganisha nyuzi: Nyerere kaja, Manley katangaza, basi kaazima. Mimi sikubali. Chama kilikuwa kimejiita cha kijamaa tangu enzi za baba yake, kwenye miaka ya 1940. Manley alimpenda na kumheshimu sana Nyerere, hilo halina ubishi. Walifanana kwa kusoma Uingereza, kwa ufasaha wa ulimi, na kwa kukataa kuchagua kati ya Washington na Moscow. Lakini angalia walichofanya. Sisi tulikuwa na chama kimoja tangu 1965. Yeye alikuwa na upinzani mkali bungeni na gazeti kubwa la nchi lililomsulubu kila asubuhi. Sisi tulitaifisha mabenki yote kwa siku moja Februari 1967; yeye alinunua tawi la Barclays mwaka 1977 kwa makubaliano. Sisi tulihamisha watu mamilioni kwenda vijijini. Jamaika hakuhamishwa mtu. Alichokaribia zaidi na vijiji vyetu ni ushirika wa wafanyakazi kwenye mashamba makubwa ya miwa, nao ulikufa kwa madeni. Ukitaka kumtafutia ndugu wa damu kisiasa, usiende Butiama, nenda Stockholm kwa Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden wa enzi zile.

Alichokitoa Afrika kilikuwa kitu kingine, nacho kilimgharimu. Jamaika ilipiga marufuku biashara na Afrika Kusini ya makaburu tangu mwaka 1959, chini ya baba yake, kabla hata ya kupata uhuru. Novemba 1975 majeshi ya Kuba yalipoingia Angola kuzuia jeshi la makaburu lililokuwa likipanda kuelekea Luanda, dunia iligawanyika. Mwisho wa mwaka huo Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikuja Jamaika kwa mapumziko, akakutana na Manley. Kwa simulizi la Manley mwenyewe, Kissinger alimwomba Jamaika angalau isiegemee upande wowote kuhusu Angola, halafu, kama mtu anayebadili mazungumzo, akaligusa ombi la Jamaika la mkopo wa biashara wa dola milioni 100. Hakuna aliyesema "ukifanya hivi utapata hivi". Hakukuwa na haja. Siku chache baadaye Manley akatangaza kwamba anaiunga mkono Kuba nchini Angola. Mkopo haukuonekana.

Urafiki wake na Castro wa Kuba ulikuwa umeshaanza kuwakera wengi. Desemba 1972 Jamaika, Guyana, Trinidad na Barbados zilianzisha uhusiano na Kuba siku moja. Julai 1975 Manley akaenda Havana, na kurudi kwake kukafuatiwa na kauli iliyomwandama maisha yote: kwamba anayetaka kuwa milionea, Jamaika si mahali pake, na kuna ndege tano kila siku kwenda Miami. Wapo waliomwamini. Wenye maduka, madaktari, wahasibu, wenye viwanda vidogo walipanda zile ndege, wengine na dola zao zimeshonwa kwenye pindo za nguo. Hapa nasema wazi, kwa mtu aliyeishi kwa ulimi wake, kauli ile ilikuwa ujinga. Hukutani na tajiri mezani ukaanza kwa kumwonyesha mlango, halafu ukashangaa anapoutumia.

Mwaka 1976 ulikuwa wa damu. Kingston ilikuwa imegawanyika mtaa kwa mtaa. Kila chama kilijenga nyumba, kikaweka watu wake, na vijana wenye bunduki wakalinda mipaka. Tivoli Gardens ilikuwa ngome ya Edward Seaga, kiongozi wa JLP, na PNP ilikuwa na ngome zake pia, Manley hawezi kuoshwa katika hilo. Juni 19 alitangaza hali ya hatari iliyodumu karibu mwaka mzima, na baadhi ya wapinzani wakawekwa kizuizini. Desemba 3 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Bob Marley na kumjeruhi, siku mbili kabla ya tamasha la bure lililoonekana na wengi kuwa la kuisaidia serikali. Marley alipanda jukwaani hivyohivyo na kidonda. Desemba 15 PNP ikapata viti 47 kati ya 60.

Sasa nafika kwenye swali lako lenyewe: imekuwaje kutoka viti 47 hadi viti 9 mwaka 1980?

Siku wapiga kura walipokuwa wakisherehekea, akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka. Kabla ya uchaguzi Manley alikuwa amewaambia watu kwamba nchi haiuzwi. Januari 1977 akalikataa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) hadharani. Kufikia Aprili alikuwa anazungumza nalo. Julai akatia saini mkopo wa dola milioni 74. Desemba walipokuja kupima, kikomo kimoja cha mikopo ya ndani kilikuwa kimevukwa kwa asilimia isiyofika 3, na mkataba ukasimamishwa. Nadhani yeye aliona ni jambo la kuzungumza, maana mezani pa NWU asilimia 3 humalizwa kwa kikombe cha kahawa. Lakini IMF haina mashine zinazolala ukigoma. Haihitaji miwa yako wala udongo wako. Kwa mara ya kwanza maishani alikaa mbele ya tajiri ambaye hakuhitaji kitu chochote kutoka kwake.

Mkataba wa pili, wa Mei 1978, ulikuwa wa dola takriban milioni 240 kwa miaka mitatu, na ulikuwa mchungu. Dola ya Jamaika ilishushwa thamani kwa mkupuo, kisha ikawa inashushwa kidogokidogo kila mwezi. Nyongeza ya mishahara ikawekewa ukomo wa asilimia 15 kwa mwaka, huku bei zikipanda kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Hebu mtazame mtu huyu: kijana aliyepewa jina la Yoshua kwa kupigania mishahara ndiye sasa anayesaini karatasi ya kuifunga. Washirika wake wa mrengo wa kushoto walimwona msaliti, wenye mali walikuwa hawamwamini tangu zamani, na mama wa nyumbani, ambaye ndiye aliyempa ushindi mara mbili, alikuwa dukani akitafuta mchele.

Wewe msomaji ni kijana, hukupanga foleni ya sabuni. Mimi nimepanga. Mwaka 1979 vita vya Kagera vilipoisha tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, na mikanda ile tulikaa nayo miaka. Ndiyo maana nikisoma habari za Kingston ya 1979 huhitaji kunieleza: mafuta ya kupikia hakuna, mchele hakuna, maziwa ya kopo chini ya kaunta. Wenye maduka huko walikuwa na mchezo waliouita kuozesha bidhaa. Ukitaka kilo ya mchele unaozeshwa nao kitu kilichomdodea mwenye duka, ukikataa mke wa pili basi na wa kwanza humpati. Serikali ilipiga marufuku, na ndoa zikaendelea kufungwa. Sisi tulisema ulanguzi, wao walisema kuozesha, na mnunuzi aliondoka dukani na hasira ileile.

Tofauti ni kwamba sisi foleni zetu hazikuwa na sanduku la kura lenye upande wa pili. Zao zilikuwa nalo.

Wakati huohuo Dar es Salaam na Kingston zilikuwa zikiumwa ugonjwa mmoja. Edwin Mtei aliacha uwaziri wa fedha mwaka 1979 kwa sababu ya mvutano uleule na IMF, na tarehe 1 Januari 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya dunia. Oktoba 1979 wataalamu walikuwa wamekutana Kingston na kutoa tamko juu ya mfumo wa fedha duniani. Mwanzoni mwa Julai 1980 mkutano mwingine ulifanyika Arusha, na mikasa ya Jamaika na Tanzania ilikuwa mezani kama vielelezo. Ukiniuliza ni wapi hasa Ujamaa wetu na ule wa Manley ulikutana, nitakwambia ni hapo, kwenye deni.

Desemba 1979 Jamaika ilishindwa kipimo kingine. Machi 1980 halmashauri ya PNP ikapiga kura ya kuachana na IMF, na nchi ikaelekea kwenye uchaguzi. Kuanzia hapo mpaka Oktoba 30 Kingston ilikuwa uwanja wa vita. Watu zaidi ya 800 waliuawa mwaka huo. Mwezi Mei nyumba ya kutunzia wazee ya Eventide iliteketea usiku, wakafa akina mama vikongwe zaidi ya 140. Oktoba naibu waziri mmoja wa usalama aliuawa kwa risasi. Manley alikuwa amejaribu: Aprili 1978 alipanda jukwaani uwanja wa taifa, na Bob Marley akaushika mkono wake na wa Seaga akaiunganisha juu ya kichwa chake. Ukiiangalia picha ile utaona wanaume wawili wanaotamani wimbo uishe. Oktoba 30 ilipofika, JLP ilipata viti 51, PNP 9.

Najua unasubiri niseme CIA. Babu yako aliposema "wakubwa walimpiga chini" bila shaka alikuwa na hao akilini, na Manley mwenyewe aliamini kwamba nchi yake ilihujumiwa. Kwamba Washington ilimchukia baada ya Angola, na kwamba mikopo na misaada ilikauka, hayo yako wazi. Lakini mimi sihitaji jasusi kueleza uchaguzi wa 1980. Asilimia 41 ya wapiga kura walibaki naye pamoja na njaa yote ile, na hiyo ni nyingi. Waliohama ni watu waliokuwa wakimpenda na hawakuwa na sabuni. Uchumi ulikuwa umenywea karibu kila mwaka tangu 1974, na zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wanaotaka kazi hakuwa nayo. Aliwapa watu matunda ya boksiti kabla hajajua kama mti utabaki shambani.

Kurudi kwake kulichangiwa na Seaga mwenyewe, ambaye sasa ndiye alikuwa waziri mkuu. Desemba 1983, wiki chache baada ya Marekani kuivamia Grenada, Seaga aliitisha uchaguzi wa ghafla kwa orodha ya zamani ya wapiga kura. PNP ikasusa, JLP ikachukua viti vyote 60. Manley akakaa nje ya bunge miaka mitano akisoma, akiandika, akifundisha ughaibuni. Aliandika hata kitabu kinene cha historia ya kriketi ya visiwa vyao, na wajuzi wa mchezo huo wanakisifu. Seaga naye aligundua kwamba IMF humfungia mlango rafiki wa Reagan vilevile. Septemba 1988 kimbunga Gilbert kikaezua mapaa ya nchi nzima, na Februari 9, 1989 PNP ikarudi na viti 45 dhidi ya 15.

Aliyerudi alivaa suti na tai. Serikali yake ilipunguza ushuru, ikauza mashirika ya umma, na Septemba 1991 ikafuta udhibiti wa fedha za kigeni, kitu ambacho Manley wa 1977 angekiita kuuza nchi. Dola ya Jamaika ilikuwa kama 5.50 kwa dola moja ya Kimarekani alipoingia. Alipoondoka ilikuwa imepita 20, na mfumuko wa bei wa 1991 ulikaribia asilimia 80. Ubepari nao una foleni zake.

Na hapa ndipo ninapomwona tofauti kabisa na Mwalimu. Nyerere hakutia saini. Aling'atuka mwaka 1985, na Mzee Mwinyi ndiye aliyekubaliana na IMF mwaka 1986 na kubeba jina la Ruksa. Manley alikuwa Nyerere wake na Mwinyi wake mwenyewe. Wapo Wajamaika wanaosema alisaliti. Mimi nadhani alikuwa mpatanishi aliyekwishajifunza kuhesabu nani anamhitaji nani, na safari hii aliingia chumbani akijua jibu.

Afya haikumpa muda. Machi 1992 alijiuzulu, akamwachia P. J. Patterson. Kabla ya hapo, Julai 1991, alimpokea Mandela Kingston, na mwaka 1994 akaenda Afrika Kusini kuongoza waangalizi wa Jumuiya ya Madola katika uchaguzi ule wa kwanza wa watu wote. Alifariki tarehe 6 Machi 1997, siku moja na Cheddi Jagan wa Guyana, mjamaa mwenzake. Castro alikuja kuzika.

Jambo la mwisho, ukipata mtu anayetoka huko. Mwombe akuonyeshe noti mpya ya dola 2,000 ya Jamaika. Benki kuu yao imemweka Manley juu yake, na pembeni yake, kwenye karatasi hiyohiyo, imemweka Seaga.